Kuijua Nyota Jitu ya Bluu-Nyeupe Ukiwa Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kuipima Sumbula

Masika yakishakatika na upepo wa kusi kushika, anga la Dar es Salaam husafika kwa namna ambayo wakazi wengi hawaitumii. Mwanzoni mwa Juni, saa tatu usiku, toka nje, iwe Sinza, Mbagala au Kigamboni, kisha tazama juu kabisa, karibu na utosi. Utaona nyota nyeupe yenye weupe wa kibluu, imesimama bila majirani wa kushindana nayo. Hiyo ni Sumbula, nyota angavu kuliko zote katika kundinyota la Mashuke. Orodha za kimataifa huiita Spica. Hupenya taa za mji bila shida, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri hadi mbugani.

Katika mwongozo huu tutaichukua nyota hiyo moja tu na kuifanyia hesabu mpaka tujue iko mbali kiasi gani, ina joto gani, upana gani, tungamo gani, na imebakiza maisha kiasi gani. Naandika nikiamini kwamba sifa za nyota hazifai kukaririwa. Karibu zote huzaliwa na vipimo vinne tu: mwangaza tunaouona, paralaksi (kusogea kidogo kwa nyota Dunia inapozunguka Jua), spektra (mwanga uliotandazwa rangi kwa rangi), na muda ambao nyota mbili hutumia kuzungukana. Ukivipata hivyo, yaliyobaki ni kikokotoo cha simu. Mwanafunzi aliyefika kidato cha tatu ameshasoma logi na vipeuo, kwa hiyo kama una mdogo wako nyumbani wa rika hilo, mkalishe pembeni mfanye pamoja.

Utahitaji macho yako, daftari, simu yenye kikokotoo cha kisayansi (kwenye simu nyingi kinatokea ukiilaza simu upande), na programu ya ramani ya anga. Stellarium inapatikana bure na inatosha kabisa. Darubini ya macho mawili ni nyongeza nzuri, lakini kazi inakwenda hata bila hiyo.

Hatua ya 1: Ipate angani, na uwe na uhakika ni yenyewe

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Sumbula iko nyuzi 11 kusini mwa ikweta ya anga. Tofauti ya hizo mbili ni nyuzi 4 na kidogo, ndiyo maana ikifika kilele chake inakuwa karibu juu ya kichwa chako, ikiinamia kusini kidogo tu. Ni bahati kubwa. Mtu wa London huiona chini kupitia hewa nene, wakati sisi tunaitazama kupitia tabaka jembamba kuliko yote la angahewa.

Katikati ya Aprili huchomoza upande wa bahari jua linapozama, na hufika kileleni kama saa sita na robo usiku. Mwanzoni mwa Juni hufika kileleni saa tatu usiku. Katikati ya Julai, giza linapoingia tu tayari iko juu. Septemba utaikuta magharibi ikiteremka, na katikati ya Oktoba Jua hupita karibu nayo kabisa, kwa hiyo haionekani. Novemba hurudi alfajiri, upande wa mashariki. Kwa maoni yangu Juni na Julai ndiyo miezi ya kuifanyia kazi. Aprili ina mawingu mengi mno.

Kuna njia mbili za kuifikia. Ya kwanza ni ya kaskazini. Juni, elekea kaskazini utaona nyota saba za Dubu Mkubwa zikiwa chini chini. Fuata mkunjo wa mkia wake kwenda juu, utakutana na nyota angavu ya rangi ya chungwa: hiyo ni Simaki, inayoitwa pia Arcturus. Endelea na mkunjo uleule hadi juu ya kichwa, utafika Sumbula. Njia ya pili, ambayo mimi naiona rahisi kwa watu wa huku kwa sababu Dubu Mkubwa mara nyingi hufichwa na nyumba, ni kuelekea kusini na kutafuta, kulia kwa Sumbula, nyota nne zinazofanya umbo la pembenne lililopinda. Hilo ni kundinyota la Corvus. Nyosha mstari kupitia nyota mbili za juu za pembenne hiyo kuelekea mashariki. Nyosha mkono na upime kwa ngumi: ngumi moja na nusu kutoka hapo unaifikia Sumbula.

Tahadhari moja. Sumbula iko nyuzi 2 tu kutoka kwenye njia ambayo Jua, Mwezi na sayari hupita angani. Mwezi huipitia jirani kila mwezi, na kuna nyakati huifunika kabisa. Sayari nazo hupita hapo. Ukiona nukta mbili angavu zimekaribiana sehemu hiyo, ile inayometameta ndiyo nyota. Ile iliyotulia, yaelekea ni sayari. Programu ya simu itakuthibitishia.

Kuhusu mahali: paa la nyumba linatosha, mradi taa ya mtaa isikupige machoni. Umeme ukikatika mtaa mzima, toka nje haraka kabla haujarudi. Ukienda ufukweni, iwe Coco Beach au upande wa Kigamboni, nenda na wenzako na uagane mapema na dereva wa kukurudisha.

Hatua ya 2: Isome rangi yake kwa kamera

Rangi ya nyota ni kipimajoto, lakini jicho usiku ni hafifu kwa rangi. Kuna mbinu inayosaidia sana: ipige picha ikiwa imevurugwa makusudi. Nyota iliyolengwa vizuri huwa nukta ndogo inayojaa mwanga hadi inageuka nyeupe tupu, na rangi inapotea. Ukiivuruga, mwanga uleule unatandazwa kwenye duara dogo, na rangi inabaki.

Weka simu kwenye hali ambayo unachagua mipangilio mwenyewe. ISO iwe kati ya 400 na 800, muda wa sekunde 4 hadi 8, na mizani ya rangi uifunge kwenye mwanga wa mchana ili simu isijirekebishe kila picha. Egemeza simu ukutani au kwenye begi, tumia kipima muda ili usiitikise, kisha sogeza lenzi mpaka nyota iwe kiduara. Usibadilishe chochote tena. Piga Sumbula, halafu Simaki kaskazini, halafu Antares, ile nyekundu ya kundinyota la Nge inayopanda kusini-mashariki.

Ziweke picha tatu pamoja kwenye kioo cha simu na uzikuze. Kiduara cha Simaki kina rangi ya chungwa iliyoiva. Cha Antares kimekolea zaidi, kinaelekea wekundu. Cha Sumbula ni cheupe chenye bluu nyepesi, na pembeni, pale mwanga unapopungua, bluu inajitokeza zaidi kuliko katikati. Usipige Sumbula ikiwa chini baharini, kwa sababu hewa huitawanya rangi na utaona nyekundu na kijani zikipishana, jambo lisilohusu nyota yenyewe. Subiri ipande.

Lakini rangi ina kikomo chake, na hapa ndipo miongozo mingi huishia njiani. Wanaastronomia hupima rangi kwa kulinganisha mwangaza wa nyota kupitia kichujio cha bluu na kichujio cha kijani-njano. Kwa Sumbula tofauti hiyo ni takriban −0.23. Ni namba ya nyota yenye joto kali, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba nyota ikipita Kelvini 15,000 hivi, rangi inayoonekana kwa macho karibu inaacha kubadilika. Nyota ya 18,000 na ya 25,000 zinafanana sana. Kwa hiyo rangi inakuambia "ni ya moto mno" na kuishia hapo.

Jibu kamili linatoka kwenye spektra, yaani mwanga uliotandazwa rangi kwa rangi. Ndani yake kuna mistari myeusi, na kila mstari ni alama ya atomu fulani. Sumbula inaonyesha wazi mistari ya heliamu. Atomu ya heliamu ni ngumu kuisisimua, na mistari yake haijitokezi kwa nguvu hadi joto lifike karibu Kelvini 20,000. Kisha kuna silikoni: kadiri joto linavyopanda, silikoni hupoteza elektroni moja, mbili, tatu, na kila hali ina mistari yake. Uwiano kati ya mistari hiyo ndio unaoipa Sumbula jotoridi lake: takriban Kelvini 25,300. Jua letu lina Kelvini 5,772.

Spektra hiyohiyo ndiyo inayompa mtafiti haki ya kuiita jitu. Kwenye nyota iliyobanana, atomu hugongana sana na mistari ya hidrojeni hutanuka. Kwenye nyota iliyovimba, mistari huwa myembamba. Sumbula imewekwa daraja la B1 III-IV. Herufi B na namba 1 ni joto, na III ni daraja la majitu. IV ni daraja la chini kidogo, la nyota zinazoanza kuvimba. Sumbula iko mpakani, inaingia kwenye ujitu.

Hatua ya 3: Kusanya namba zako

Fungua kwenye intaneti hifadhidata ya SIMBAD, inayotunzwa Strasbourg, Ufaransa, na inatumiwa bure na watafiti duniani kote. Andika Spica, au namba yake ya orodha, HD 116658. Andika kwenye daftari mwangaza unaoonekana, mag 0.97 (mag ni kipimo cha mwangaza wa nyota), na paralaksi, milisekunde 13.06 za tao (milisekunde ni sehemu ya elfu moja ya sekunde). Sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja, kwa hiyo tunazungumzia pembe ndogo mno. Ilipimwa na chombo cha Ulaya kilichoitwa Hipparcos, kilichorushwa mwaka 1989. Kosa lake ni kama 0.70 juu au chini, sawa na asilimia 5. Likumbuke, maana litaturudia baadaye. Gaia, chombo kilichofuata na chenye usahihi mkubwa zaidi, kilitengenezwa kwa ajili ya nyota hafifu, na Sumbula ni angavu mno kwake.

Hatua ya 4: Umbali

Dunia inapozunguka Jua, nyota za karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Huko kusogea ndiyo paralaksi. Kanuni ni fupi: gawa 1,000 kwa paralaksi iliyo katika milisekunde, unapata umbali kwa parseki, kipimo cha umbali cha wanaastronomia. Zidisha kwa 3.26 upate miakanuru.

1,000 ÷ 13.06 = parseki 76.6.
76.6 × 3.26 = miakanuru 250.

Mwanga unaoingia jichoni mwako uliondoka huko miaka 250 iliyopita, karne nzima hivi kabla Sultani Majid hajaanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860.

Hatua ya 5: Nguvu halisi ya mwanga

Sasa tujiulize: Sumbula ingewekwa mahali pa kawaida pa kulinganishia, parseki 10, ingeng'aa vipi?

Gawa 76.6 kwa 10, upate 7.66. Tafuta logi yake: 0.884. Zidisha kwa 5: 4.42. Toa kutoka kwenye mwangaza unaoonekana: 0.97 − 4.42 = −3.45. Huo ndio mwangaza halisi wa Sumbula. Katika kipimo cha mag, namba inavyokuwa ndogo nyota inang'aa zaidi, na hasi ni angavu kuliko sifuri.

Jua katika umbali huohuo lingekuwa na mag 4.83. Tofauti ni 8.28. Gawa kwa 2.5, upate 3.31, kisha bonyeza kitufe cha 10 yenye kipeo: 10 kwa kipeo cha 3.31 ni karibu 2,050. Kwa hiyo Sumbula ina mwanga wa majua 2,050.

Usiandike hiyo kama jibu la mwisho. Hiyo ni kwa mwanga wa kijani-njano tu, ule ambao kichujio kilipitisha. Hatua inayofuata itaonyesha kiasi gani tumekiacha nje.

Hatua ya 6: Mwanga usioonekana

Kila kitu cha moto kina rangi moja inayotoka kwa wingi kuliko zingine. Kuipata, gawa 2,898,000 kwa jotoridi la Kelvini, jibu liko katika nanomita. Kwa Jua: 2,898,000 ÷ 5,772 = nanomita 502, katikati kabisa ya rangi tunazoziona. Kwa Sumbula: 2,898,000 ÷ 25,300 = nanomita 114.5.

Jicho la binadamu huanza kuona karibu nanomita 380. Kilele cha mwanga wa Sumbula kiko mbali ndani ya urujuanimno, eneo ambalo angahewa letu hulizuia lisifike chini. Ukikokotoa mgawanyo wote, takriban asilimia 6 tu ya nishati yake inaangukia kwenye rangi ambazo jicho huziona. Kwa Jua ni zaidi ya theluthi. Nyota unayoitazama juu ya paa lako ni masalia madogo ya nyota halisi, na bado ni miongoni mwa nyota 20 angavu zaidi za usiku. Jambo hili ndilo lililonifanya niipende kuliko nyota zote.

Wanaastronomia husahihisha upungufu huo kwa kuongeza namba inayotegemea jotoridi. Kwa nyota ya aina hii ni karibu mag 2.5, na kwa Jua ni mag 0.09 tu. Tofauti ya hizo, 2.41, gawa kwa 2.5 na uifanye kipeo cha 10: karibu 9.2. Sasa 2,050 × 9.2 inatupa majua 19,000 hivi.

Hatua ya 7: Ukubwa

Hapa inabidi niseme jambo ambalo nimelisogeza mbele mpaka sasa: Sumbula ni nyota mbili. Hakuna darubini ya kawaida inayozitenganisha. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za nishati ni za nyota kuu, kwa hiyo tuipe majua 17,000.

Kanuni ya ukubwa inasema hivi: nguvu inayotoka kwenye kila mita ya mraba ya uso wa nyota hupanda kwa kipeo cha nne cha jotoridi. Gawa 25,300 kwa 5,772, upate 4.38. Ukiipandisha kwa kipeo cha nne ni karibu 369. Yaani kila mita ya mraba ya Sumbula hutoa nguvu mara 369 ya mita ya mraba ya Jua. Kwa vipimo vya umeme ni takriban megawati 23,200. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yote tisa ikizunguka, ni megawati 2,115. Eneo la ukubwa wa meza ndogo kwenye uso wa nyota hiyo lina nguvu ya mabwawa 11 ya namna hiyo, mchana na usiku, bila kupumzika.

Sasa upana. Chukua kipeuo cha pili cha 17,000, ambacho ni 130. Gawa kwa 4.38 iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani 19.2. Jibu ni 6.8. Nusukipenyo cha nyota kuu, kwa hesabu yetu ya mezani, ni mara 6.8 ya cha Jua.

Watafiti waliotumia mwendo wa nyota hizo mbili pamoja na spektra wamepata 7.47, na kosa la 0.54 juu au chini. Tumekosea kwa chini ya asilimia 10. Kwa mtu aliyekaa barazani na kikokotoo, hayo ni matokeo ya kujivunia. Tofauti inaeleweka pia: kosa la asilimia 5 la paralaksi linaingia moja kwa moja kwenye nusukipenyo, na lile sahihisho la urujuanimno nalo si la uhakika kamili. Kuanzia hapa nitatumia 7.47.

Linganisha na Simaki uliyoipiga picha. Simaki ni pana mara 25 ya Jua, zaidi ya mara tatu ya Sumbula, lakini jotoridi lake ni Kelvini 4,290 hivi na nguvu yake haifiki majua 200. Sumbula ni nyembamba kuliko Simaki, na inaipita kwa nguvu zaidi ya mara 100. Simaki inaonekana angavu zaidi angani kwa sababu iko miakanuru 37 tu kutoka hapa. Mtu akikuambia nyota fulani ni jitu, muulize ni jitu la upana au la nguvu, na muulize jotoridi lake kabla ya kukubali lolote.

Hatua ya 8: Tungamo

Tungamo la nyota iliyo peke yake ni gumu kulipata. Kwa Sumbula tuna mwenza wa kutusaidia. Mwaka 1890 Hermann Carl Vogel, akifanya kazi Potsdam, Ujerumani, aliona mistari ya spektra ya Sumbula ikisogea huku na huku kwa mpangilio. Nyota ikija kwetu mistari husogea upande wa bluu, na ikienda mbali husogea upande wa nyekundu. Mzunguko mmoja huchukua siku 4.0145.

Mwaka 1971 kundi la watafiti waliotumia vioo viwili vikubwa huko Narrabri, Australia, kifaa cha Robert Hanbury Brown, walipima ukubwa na mlalo wa njia hiyo ya mzunguko. Kwa vipimo vya sasa, nyota hizo mbili zimeachana kwa wastani mara 0.131 ya umbali wa Dunia na Jua. Ni kama kilomita milioni 20, theluthi moja tu ya umbali wa Utaridi kutoka kwenye Jua.

Kanuni ya Kepler: tungamo la jumla, kwa majua, ni umbali kwa kipeo cha tatu ukigawanywa kwa muda kwa kipeo cha pili, muda ukiwa katika miaka.

4.0145 ÷ 365.25 = miaka 0.01099. Kipeo cha pili: 0.0001208.
0.131 kwa kipeo cha tatu: 0.002248.
0.002248 ÷ 0.0001208 = majua 18.6.

Nyota nyepesi hukimbia kwa kasi zaidi, karibu mara 1.6 ya nyota kuu. Gawanya 18.6 kwa uwiano huo: nyota kuu inapata 11.4, mwenza 7.2. Kosa ni kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu umbali unapandishwa kipeo cha tatu na kila kosa dogo hukuzwa.

Kutoka hapo sifa mbili zinakuja kwa urahisi. Msongamano: 7.47 kwa kipeo cha tatu ni 417. Nyota ina tungamo la majua 11.4 ndani ya ujazo wa majua 417, kwa hiyo wastani ni karibu kilo 39 kwa mita ya ujazo, wakati maji ni kilo 1,000. Na uvutano kwenye uso wake ni kama sehemu moja ya tano ya ule wa Jua, lakini bado ni zaidi ya mara tano ya uvutano wa Dunia.

Ukaribu wa nyota hizo mbili unazipindua maumbo. Zinavutana hadi zinachongoka kuelekeana, na zinapozunguka tunaona mara upande mpana, mara upande mwembamba. Mwangaza hupanda na kushuka kwa karibu mag 0.03 kwa siku hizo nne. Jicho halioni hilo. Nyota kuu pia inajizungusha yenyewe kwa zaidi ya kilomita 150 kwa sekunde kwenye ikweta yake, wakati Jua ni kilomita 2, na ina mapigo ya kutanuka na kusinyaa yenye kipindi cha siku 0.1738, yaani saa nne na dakika kumi hivi.

Hatua ya 9: Umri na kitakachofuata

Nyota yenye tungamo kubwa ina mafuta mengi lakini inayateketeza kwa fujo. Ndani ya Sumbula hidrojeni inageuzwa kuwa heliamu kwa njia inayotumia kaboni, nitrojeni na oksijeni kama visaidizi, na kasi ya njia hiyo hupanda vibaya mno joto la kiini linapoongezeka kidogo. Makadirio ya haraka: chukua maisha ya Jua, miaka milioni 10,000, gawa kwa tungamo lililopandishwa kipeo cha 2.5. Kwa 11.4 kipeo hicho ni karibu 440. Jibu ni miaka milioni 23 hivi. Mahesabu kamili hushuka kidogo chini ya hapo.

Umri wake wa sasa unakadiriwa kuwa miaka milioni 12 na nusu. Mijusi mikubwa ambayo mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru, Lindi, iliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, na ilitazama anga lisilo na Sumbula kabisa. Nyota hii imezaliwa juzi, na tayari imepita nusu ya safari.

Hidrojeni ya kiini ikiisha, itavimba na kupoa usoni, igeuke jitu kuu jekundu, kisha kiini kitaporomoka na nyota italipuka kama supanova, ikiacha nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kilichobanana mno. Kwa umbali wa miakanuru 250 mlipuko huo hautaidhuru Dunia. Eneo la hatari kwa kawaida huhesabiwa kuwa chini ya miakanuru 50. Utaonekana mchana kweupe, na haupo karibu: ni mamilioni ya miaka mbele.

Hatua ya 10: Rudia na jitu jingine, peke yako

Usiku huohuo wa Juni, elekea kusini. Kuna nyota mbili angavu zilizokaribiana zinazoielekezea Salibu, kundinyota lenye umbo la msalaba. Ya kushoto, ya manjano kidogo, ni Alfa ya Kantarusi. Ya kulia, bluu-nyeupe, ni Hadar, jitu kamili la daraja la B1 III. Namba zake: mwangaza mag 0.61, paralaksi milisekunde 8.32, jotoridi karibu Kelvini 25,000. Tumia sahihisho lilelile la urujuanimno. Ukifanya vizuri, hatua ya 4 itakupa miakanuru 392 na hatua ya 6 karibu majua 65,000.

Kabla ya hatua ya 7, gawa hiyo 65,000 kwa mbili, kwa sababu Hadar nayo ina nyota kuu mbili, na hizi zinakaribia kulingana. Ukipata nusukipenyo kati ya 9 na 10, uko sawa. Kwa hatua ya 8, muda wa mzunguko ni siku 357 na matungamo ni karibu majua 12 na 10.6. Safari hii ifanye kanuni ya Kepler kinyumenyume, utafute umbali kati yao. Jibu ni mara 2.8 hivi ya umbali wa Dunia na Jua.